Kura Kumi na Moja Zilizohesabiwa Mara Mbili

Kwanza niwajibu walioniandikia baada ya wiki iliyopita. Hapana, sijalogwa. Hapana, sijaachwa, angalau hadi siku ninayoisimulia leo. Na yule aliyeuliza kama kazi yangu ipo kweli au nimeitunga nisionekane sina kazi, namwambia kwamba yeye na Baba Mkwe wangepatana sana.

Kwa ambao hawakuwapo, mimi natengeneza faharasa. Kuna daftari kubwa linaloitwa blokcheni, ambalo huandikwa na kompyuta nyingi kwa pamoja. Kila baada ya sekunde chache ukurasa mmoja unafungwa, nao huitwa bloku. Ukitaka kujua jambo moja tu lililomo humo, itakubidi usome tangu ukurasa wa kwanza, na utazeeka hujafika katikati. Kwa hiyo mimi nina programu inayosoma kila ukurasa na kuandika pembeni: ukurasa fulani, tukio fulani, limefanywa na fulani. Watengeneza programu wakiuliza kitu, faharasa yangu inawajibu hapo hapo.

Mmoja wa hao wanaouliza ni mchumba wangu. Ofisi yao iko ng'ambo ya korido yetu. Aliniuliza swali, nikamjibu, akasema jibu lina makosa, nami nikapenda.

Baba yake, ndiye huyo Baba Mkwe, ni fundi saa. Nilipokwenda kujitambulisha mara ya kwanza aliniambia, "Unatengeneza nini? Kiweke mezani nikione." Nikaweka kompyuta. Akaigeuza juu chini, akaivalia lile jicho lake la fundi, kile kioo cha kukuzia vitu vidogo, akasema, "Hii umenunua." Posa yangu ikafia hapo.

Ndipo ukaja uchaguzi wa mwenyekiti wa ushirika wa nyumba zetu, fleti mia moja ishirini na sita, kila fleti kura moja. Safari hii watu walipiga kura kwa simu, na kura zikaandikwa kwenye blokcheni. Mchumba wangu alitengeneza programu ya kura na ile skrini kubwa ya ukumbini. Faharasa yangu ndiyo iliyokuwa ikiiambia skrini nani ana ngapi. Wagombea walikuwa wawili: Baba Mkwe, na mwenyekiti wa miaka tisa, matroni mstaafu wa hospitali. Huyo matroni ni shangazi yangu, aliyenilea tangu nina miaka sita.

Alhamisi jioni skrini ikasema Baba Mkwe sitini na nne, shangazi hamsini na saba. Baba Mkwe akanikumbatia mbele ya watu, akaniita mwanangu, akasema, "Sasa kazi yako nimeiona. Jumamosi leteni posa."

Ijumaa asubuhi nilikuwa napiga mswaki, najichekea mwenyewe kwenye kioo, simu ikalia. Mchumba. Akasema neno moja tu, "Njoo," akakata.

Nilimkuta ofisini kwao, amekaa mbele ya kompyuta, mikono kifuani. Hakunikaribisha kiti.

"Fleti ya thelathini na moja imepiga kura mara ngapi?"

"Mara moja. Si wewe mwenyewe uliyeweka sheria hiyo?"

"Nimeiuliza faharasa yako inipe orodha ya fleti zilizopiga kura, niiweke kwenye hati ya matokeo. Imenipa thelathini na moja mara mbili."

"Labda ndiyo ile yenye milango miwili."

Alinitazama. Nilivuta kiti mwenyewe, nikakaa.

"Na ya nane mara mbili," akaendelea. "Na ya sabini. Ziko kumi na moja. Zote zina milango miwili?"

"Saa ngapi hizo?"

"Saa nne kamili asubuhi. Zote kumi na moja."

"Watu kumi na mmoja wamebonyeza sekunde moja? Haiwezekani."

"Inawezekana," akasema polepole. "Hao ni wateja wa baba. Aliwaita dukani Jumatano, akawasawazishia saa zao bure, akawaambia wapige kura pamoja saa nne kamili. Alitaka Matroni aone namba inaruka."

Hapo nilijua kila kitu, na kilichobaki nitakiungama hapa gazetini kwa vile kuungama ndiyo kazi niliyopewa na mhariri.

Mara chache sana hutokea kompyuta mbili zikafunga ukurasa kwa wakati mmoja. Mtandao huchagua mmoja, mwingine hutupwa. Yaliyokuwa kwenye ukurasa uliotupwa hayapotei, huandikwa tena kwenye ukurasa mwingine. Ndiyo maana kila mtengeneza faharasa mwenye akili timamu anaweka sheria mbili. Ya kwanza: usiandike kitu mpaka kurasa kumi na mbili nyingine zifungwe juu yake. Ya pili: ukurasa ukitupwa, rudi ukafute ulichoandika.

Sheria ya pili nilikuwa sijaiandika. Mahali pake niliweka alama, "nitafanya kesho." Kesho hiyo ilikuwa na umri wa miezi saba.

Sheria ya kwanza nilikuwa nayo. Lakini siku mbili kabla ya uchaguzi, tukiijaribu skrini, Baba Mkwe alisimama mbele yake ameshika saa mkononi.

"Nimebonyeza. Haijaonesha."

"Inasubiri kidogo baba, kwa usalama."

"Inasubiri nini?"

"Kurasa kumi na mbili. Kama dakika mbili na nusu."

"Saa inayochelewa dakika mbili na nusu mimi naiita takataka. Ondoa hiyo kusubiri."

Na mimi, mwanaume mzima mwenye cheti ukutani, nikasema, "Ndiyo baba," nikaondoa. Angeniambia nimbebe mgongoni kuzunguka jengo ningembeba.

Basi saa nne kamili kura kumi na moja zikaingia ukurasa mmoja, programu yangu ikazidaka moto moto, ukurasa ukatupwa, kura zikaandikwa upya, programu ikazidaka tena.

"Zote kumi na moja zilikuwa za baba?" nikauliza, nikiomba jibu liwe lingine.

"Zote. Ukiondoa marudio, baba ana hamsini na tatu."

"Na shangazi hamsini na saba."

Aliinuka akafunga mlango.

"Nani anajua?" akauliza.

"Mimi na wewe. Na blokcheni."

"Blokcheni haisemi."

"Inasema ukiiuliza. Ndiyo kazi ninayolipwa."

Nilidhani angelia, au angeniomba tuache yapite. Ni baba yake. Badala yake akanisogezea kibodi.

"Rekebisha."

"Unajua nikirekebisha nitakuwa nimemtoa baba yako kitini, nikamweka shangazi yangu. Watu watasema nini? Baba yako atasema nini? Kesho ni posa!"

"Najua."

"Na nisiporekebisha?"

"Nitakuacha vilevile. Siwezi kuolewa na mtu ambaye kila akinijibu itabidi nihesabu upya."

Kwa hiyo, msomaji, nilikuwa na njia mbili za kukosa mke. Nilirudisha kusubiri kurasa kumi na mbili. Nikaandika ile sheria ya kufuta, ambayo nilikuwa nimeiogopa kwa miezi saba. Ilinichukua dakika ishirini na tano. Kisha nikaiamuru programu isome daftari lote upya tangu ukurasa wa kwanza. Ilikuwa saa tatu na nusu asubuhi. Programu ikaandika: *imebaki saa sita.*

"Itafanyaje ikimaliza?" mchumba akauliza.

"Ya zamani inaendelea kujibu hadi mpya ikamilike. Halafu zinabadilishana zenyewe."

"Saa tisa na nusu."

"Saa tisa na nusu."

"Makabidhiano ukumbini yanaanza saa tisa kamili."

Hilo nilikuwa nimelisahau. Akanipa hadi saa nane niwe nimewaambia wazee wote wawili, mmoja mmoja, kwa mdomo wangu.

"Hatusaidiani?" nikauliza.

"Mimi swali langu lilikuwa sahihi," akasema, akageukia kazi yake.

Nilianza na shangazi, nikidhani habari zake ni njema na zitaniingia mdomoni kwa urahisi. Alikuwa katika ofisi ya ushirika, chumba kidogo chini ya ngazi, anapanga mafaili ya miaka tisa kwenye katoni. Kila faili alikuwa ameliandikia jina kwa kalamu nyekundu.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Shika huku, lisidondoke." Nikashika. "Saba tu," akasema. "Nimeshindwa kwa watu saba. Nimekaa nikawafikiria mmoja mmoja, na nimewajua."

"Shangazi, hilo la saba..."

"Wa kwanza ni yule wa fleti ya ishirini na mbili. Miaka kumi na minane tunakopeshana chumvi. Leo asubuhi amenisalimia kwenye ngazi, nimempita. Nimempita kabisa! Wa pili ni mume wa yule mshonaji. Nilimtoa mwiba wa samaki kooni kwa mkono wangu huu. Angalia malipo."

Alinionesha karatasi. Majina saba, yamenyooka, yamepigiwa mstari. Nikajua kwamba kosa langu lilikuwa limeshaanza kuzunguka jengo zima likigombanisha watu, na mimi ndiye niliyelitoa nyumbani.

"Shangazi, hebu nisikilize. Usiwachukie hao."

"Siwachukii. Nimewaandika tu." Akaniangalia. "Mbona unajikuna shingo?"

Niliushusha mkono.

"Tangu una miaka sita, ukivunja kitu unajikuna shingo. Umevunja nini?"

"Sijavunja, nimechoka."

"Mm." Akafunga katoni kwa utepe wa gundi. Halafu akaketi juu yake, na sauti yake ikabadilika. "Sikiliza mwanangu. Kesho nitavaa lile gauni langu la kijani, nitapanda hadi kwa huyo fundi saa, nitapiga hodi, nitamwita mwenyekiti. Kwa mdomo wangu. Nitamwambia mwenyekiti, tumekuja kwa heshima, tunaomba binti yako. Unadhani ni rahisi? Koo langu linawaka. Lakini wewe ni mwanangu, nitasema."

Hapo ndipo nilipopaswa kulisema. Maneno yalifika hadi kwenye meno. Nilimpenda sana wakati ule, na nilijidharau, na nilichosema ni kwamba gauni la kijani linampendeza. Kisha nikabeba katoni mbili hadi mlangoni bila kuambiwa, nikakimbia.

Kwa Baba Mkwe niliingia nimepiga moyo konde. Nilikuwa nimejifunza sentensi moja njiani: "Baba, kuna kosa, na ni langu." Sentensi fupi, hata kasuku angeiweza. Duka lake ni upenyo kati ya duka la dawa na kinyozi, saa zimejaa kuta zote, na zote zinasema wakati mmoja. Alikuwa ameinamia meza, jicho la fundi usoni, koleo mkononi.

"Baba, kuna..."

"Usipumue."

Nikaacha kupumua. Alikuwa anashusha kigurudumu chembamba kama ukucha wa mtoto ndani ya saa ya mkono. Kilipokaa, akafunga kifuniko, akaisikiliza, akatabasamu. Sikuwahi kuyaona meno yake ya pembeni hadi siku ile.

"Lete mkono," akasema.

"Wa nini, baba?"

"Lete."

Akanifunga ile saa. Ilikuwa ya zamani, kioo kipya, mkanda mpya.

"Hii nilikuwa nayo tangu nianze ufundi. Niliiweka kwa ajili ya kijana wa kiume, Mungu akanipa binti, nikashukuru. Nimeisawazisha na yangu. Wale kumi na mmoja waliosimama nami wana saa zinazokwenda sawa na hii. Wewe ndiye wa kumi na mbili."

"Baba..."

"Usiniambie asante. Nilikuambia kazi yako siioni. Jana nimesimama pale, nimeona namba inaruka saa nne kamili, sekunde ile ile. Nikasema huyu kijana kumbe ni fundi." Akanipiga bega. "Nenda kavae vizuri. Saa tisa kamili, sitaki mtu wa tisa na dakika moja."

Sentensi yangu ikafia kooni. Nilitoka pale na saa mkononi inayonigongea mapigo, kila sekunde inaniita mwongo. Nikamtumia mchumba ujumbe: *Nimeshindwa kote kuwili.* Akajibu: *Najua. Baba amenipigia, anasema una machozi ya furaha.*

Saa tisa kamili ukumbi ulikuwa umejaa. Fleti nzima nzima zimeshuka, na viti havikutosha. Skrini ilikuwa ukutani nyuma ya meza kuu: 64 kwa 57. Shangazi alikaa upande mmoja, shada la funguo za ofisi mapajani. Yule wa fleti ya ishirini na mbili alikuwa amekaa mstari wa nyuma kabisa, macho mekundu. Mchumba alikuja akasimama karibu yangu, akanishika kiganja.

"Bado dakika ngapi?" akanong'ona.

Niliangalia saa ya baba yake. "Kumi na tisa."

"Mwambie sasa."

"Ameshaanza hotuba!"

Alikuwa ameanza, tena kwa raha zake. Akasema uongozi ni kama saa. Akasema lifti itatengenezwa, maji yatapanda ghorofa ya sita, na mikutano itaanza kwa wakati. Watu wakapiga makofi. Akasema ushindi huu ni ushahidi kwamba mashine haimpendelei mtu.

Saa tisa na nusu, mshale wa sekunde wa saa yangu ulipofika juu, namba nyuma ya kichwa chake zikapepesuka.

53 kwa 57.

Mtu mmoja mstari wa mbele akacheka, akidhani ni mzaha. Mwingine akasema, "He!" Minong'ono ikaanza mbele ikatembea hadi nyuma. Baba Mkwe akadhani watu wamefurahia habari ya lifti, akairudia.

Shangazi aligeuka akasoma skrini bila miwani. Alisoma vipimajoto kwa miaka thelathini na mbili, namba mbili hazimshindi. Kisha hakuendelea kuitazama. Alinitafuta mimi ukumbi mzima, akanipata, na mkono wangu ulikuwa shingoni.

Nilimwona akielewa. Nilimwona akitazama ile safu ya nyuma alipokaa rafiki yake wa chumvi, na uso wake ukalegea. Halafu akamtazama mchumba wangu, akatazama mikono yetu iliyoshikana, akasimama.

"Hiyo skrini imeharibika," akasema kwa sauti ile ya wodini. "Izimwe. Mwenyekiti ni huyu hapa." Akanyoosha funguo kwa Baba Mkwe. "Chukua, mwenyekiti. Kesho tunakuja kwako, tusiharibu siku kwa mambo ya mashine."

Alilisema. Mwenyekiti. Kwa mdomo wake, akijua kwamba si kweli, kwa ajili yangu. Nilitamani sakafu inimeze.

Baba Mkwe hakuzipokea funguo. Alikuwa amegeuka kuitazama skrini. Akatoa jicho la fundi mfukoni, akalivaa, akasogea hadi pua ikakaribia kioo, kana kwamba angeona magurudumu ndani. Alikaa hivyo muda mrefu.

"Miaka arobaini natengeneza saa," akasema bila kugeuka. "Kitu kikiharibika kinayumba, kinakwenda kinarudi. Hiki kimebadilika mara moja, kikatulia. Hiki hakijaharibika." Akavua lile jicho. "Hiki kimetengenezwa. Na nani?"

Mchumba aliufinya mkono wangu, akauachia.

"Na mimi, baba," nikasema. Sauti yangu ilitoka nyembamba lakini ilifika. "Ya jana ndiyo ilikuwa mbovu. Kura kumi na moja zilihesabiwa mara mbili. Aliyeshinda ni shangazi. Kosa ni langu."

Kelele! Mmoja alipaza sauti kwamba nimempa kiti shangazi yangu, mwingine akataka kura zirudiwe. Baba Mkwe aliinua mkono, wakanyamaza. Akashuka kwenye jukwaa, akaja hadi mbele yangu, akasimama karibu hata nikasikia saa yake na yangu zikigonga pamoja.

"Zilihesabiwaje mara mbili?"

"Programu iliandika kabla ya wakati wake. Haikusubiri."

"Siku ya majaribio ilikuwa inasubiri."

"Ndiyo, baba. Niliondoa."

"Fundi haondoi kitu bila sababu." Sauti yake ilikuwa chini, ukumbi wote uliinama kuisikia. "Nani alikuambia uondoe?"

Nyuma yake shangazi alikuwa akinitikisia kichwa kwa nguvu, hapana, hapana, hapana. Mchumba alikuwa akinitazama ubavuni, na nilijua anahesabu.

Na Baba Mkwe mwenyewe alikuwa anajua jibu. Lilikuwa limeandikwa usoni pake. Watu zaidi ya mia wamesimama, makabidhiano yamepitiliza wakati, na yeye, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, hakuitazama saa yake. Alikuwa ananisubiri.